Nta, Shahamu na Moto Mdogo

Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa, kwa kadiri ya 75, 15 na 10 katika mia. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Hubaki chembe ngumu: nyingine huruka pamoja na ule moshi mweupe mzito, nyingine hunata ndani ya mtutu kama ukoko wa wali chunguni. Ukoko huo hunywa maji. Siku ya unyevunyevu hulegea wenyewe. Siku ya jua kali na upepo mkavu hukakamaa, na risasi inayofuata hupita juu yake ikikwaruzika na kuacha madini yake ukutani mwa mtutu. Ya tatu hukuta njia mbovu kuliko ya pili. Kabla ya kufika ya kumi, bunduki iliyokuwa ikipiga mahali pamoja huanza kutawanya, na mwenyewe asiyejua sababu hulaumu macho yake.

Dawa yake ni grisi kidogo inayosafiri na risasi. Viwandani ipo, huuzwa kwa vijiti na vikopo, na hakuna ubaya kuinunua. Lakini kuna watu ambao hawajapata kuinunua tangu waanze kupiga shabaha kwa baruti nyeusi, na mmoja wao ndiye niliyekaa jikoni kwake nikamtazama. Ni mzee aliyestaafu kazi ya kuchomelea vyuma, mkazi wa kaskazini mwa New Mexico, Marekani. Si mbali na kwake, nje ya mji wa Raton, ndipo penye viwanja vya Whittington Center, ambako tangu 1985 hufanyika mashindano ya taifa ya kuangusha sanamu za chuma kwa bunduki za baruti nyeusi: kuku mita 200, nguruwe mita 300, bata mzinga mita 385, kondoo dume mita 500. Sanamu lazima ianguke. Kuigusa tu hakuhesabiwi.

Bunduki ya mzee ni Sharps ya mfano wa 1874. Kampuni ya Sharps yenyewe ilifunga milango mwaka 1881. Hii yake imeundwa upya na kiwanda cha Shiloh, cha Big Timber, Montana. Hula risasi iitwayo .45-70, ambayo jeshi la Marekani liliichukua mwaka 1873. Namba ya kwanza ni upana wa risasi kwa sehemu za mia za inchi, ya pili ni uzito wa baruti: greni 70, yaani gramu nne na nusu hivi. Ili nisichanganye mambo, hapa chini nitasema kichwa kwa kile kipande cha madini kinachoruka, ganda kwa kikombe cha shaba kinachobeba baruti, na fataki kwa kile kidonge cha nyuma kinachowasha. Kichwa kina mifuo ya mviringo inayokizunguka kiunoni, na humo ndimo grisi inamokaa.

Alianza na nta. Huinunua kwa mfuga nyuki jirani, madonge ya kahawia yenye miguu ya nyuki na vipande vya masega ndani yake. Aliyatia kwenye sufuria yenye maji, akawasha moto mdogo, akasubiri. Nta safi huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za selisiasi, kwa hiyo maji hayahitaji kuchemka, na yakichemka nta hupoteza rangi na harufu. Ilipokuwa yote maji, aliimimina kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, akaiacha igande juu ya maji hadi ikapoa kabisa. Uchafu mzito ulikuwa umejikusanya chini ya bamba la nta, tabaka jeusi jembamba, akaukwangua kwa kisu. Kisha akarudia. Mara ya pili tabaka lilikuwa la kijivu. Mara ya tatu hapakuwa na kitu cha kukwangua, lakini alikwangua hata hivyo, akautazama ukingo wa kisu kwenye mwanga wa dirisha, akaridhika.

Alivunja kipande akanionyesha pale palipovunjika: chembechembe tupu, bila kung'aa. Kikivunjika kikawa laini na chenye kung'aa, basi kimechanganywa na nta ya parafini, ile ya kutengenezea mishumaa. Mtu wa Tabora asingehitaji kufundishwa lolote katika hatua hii. Nta ya Unyamwezi ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa ng'ambo tangu enzi za wakoloni, na mpaka leo Tanzania huiuza nje, ikiwa imechujwa kwa njia isiyotofautiana sana na ya mzee huyu. Nilipomwambia hivyo aliuliza rangi yake ilivyo. Hakuuliza bei.

Baada ya nta, shahamu. Anataka ya kondoo, na anataka ile inayozunguka figo, kwa kuwa ndiyo ngumu na ndiyo yenye nyama kidogo kuliko zote. Aliikatakata vipande vidogo vya kadiri ya harage, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, maana kila alipokuta utando au mshipa mwembamba aliutoa kwa ncha ya kisu akauweka kando. Vipande vikaenda jikoni na maji kidogo. Watu wengi hutia chumvi wakati wa kuyeyusha shahamu ili iwe nyeupe. Yeye hatii. Chumvi na chuma havipatani, na chembe ya chumvi iliyosahaulika ndani ya grisi itakaa mtutuni ikivuta unyevu na kuanzisha kutu mahali ambapo kitambaa hakifiki vizuri. Badala yake hutumia maji matupu na uvumilivu: huyeyusha, huchuja, hugandisha, hulikwangua donge tumboni, huyeyusha tena. Anajua shahamu imekuwa tayari kwa kuinusa. Inapotoa harufu ya nyama, bado. Isipotoa harufu yoyote, tayari.

Kisha huipasha moto kwa mara ya mwisho bila maji ya nyongeza, ili yale yaliyojificha ndani yatoke. Vipovu vidogo hupanda kutoka chini ya sufuria, vingi mwanzoni, kisha kimoja kimoja. Alisimama pale mpaka vikaisha, na vilipoisha alisimama zaidi kidogo. Tone la maji lililobaki ndani ya grisi ni tone la maji litakalokaa karibu na baruti kwa miezi.

Swali la mafuta ya mnyama gani halijapata kuwa dogo katika historia ya bunduki. Risasi za karatasi za bunduki ya Enfield, ambazo Waingereza walizipeleka India, hapo mwanzo zilipakwa mchanganyiko wa shahamu sehemu tano kwa nta sehemu moja, na askari alitakiwa kuing'ata karatasi kabla ya kumimina baruti. Uvumi ukaenea kwamba shahamu hiyo ni ya ng'ombe na nguruwe: haramu kwa Mhindu kwa upande mmoja, haramu kwa Mwislamu kwa upande wa pili. Aprili 1857, mjini Meerut, askari 85 walikataa kupokea risasi walizopewa, wakafungwa minyororo mbele ya wenzao. Tarehe 10 Mei wenzao wakavunja gereza, na vita kubwa ikaanza. Sababu za vita ile zilikuwa nyingi na za muda mrefu, lakini cheche ilitoka kwenye grisi. Baadaye kanuni ilipinduliwa, nta ikawa tano na shahamu moja.

Kitu cha tatu ni mafuta ya maji. Katika karne ya 19 hapakuwa na mjadala: yalikuwa mafuta ya nyangumi, yule mkubwa mwenye kichwa cha mraba, ambaye mafuta ya kichwani mwake ni mepesi na hayagandi upesi kwenye baridi. Kanuni iliyotolewa na kampuni ya Sharps ilikuwa nta sehemu moja kwa mafuta hayo sehemu mbili, kwa uzito. Meli za Marekani zilizowinda nyangumi hao zilifika hata bahari yetu, zikatia nanga Unguja kutafuta maji na vyakula, wakati ambapo wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakileta nguo za marekani, bunduki na baruti na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani ni wa 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alianza kazi Unguja mwaka 1837. Mafuta yaliyolainisha mitutu ya nyikani kule Marekani huenda mengine yalitoka katika maji haya haya ya Bahari ya Hindi.

Sheria za Marekani za miaka ya mwanzo ya 1970 zilifunga mlango huo, na ni vizuri ulifungwa. Kilichochukua nafasi ni mbegu ya jojoba, kichaka cha jangwa la Sonora, kinachoota Arizona, California na kaskazini mwa Meksiko. Kioevu kinachokamuliwa humo kwa asili si mafuta hasa, ni nta ya maji, na kwa tabia kinakaribiana na yale ya nyangumi kuliko mafuta mengine yoyote ya mmea. Mzee huweka chupa yake kabatini, mbali na mwanga. Wapo wanaotumia vitu rahisi zaidi vya dukani. Kanuni maarufu ijulikanayo kwa jina la Emmert ni nusu nta, sehemu 40 katika mia mafuta ya mboga yaliyogandishwa, na 10 mafuta ya kanola. Aliwahi kuitumia na haisemi vibaya. Ni kanuni nzuri. Mafuta yake hupatikana kwenye duka lolote la vyakula. Na inafanya kazi.

Yake, siku niliyofika, ilikuwa nta tano, shahamu tatu, jojoba mbili. Alipima kwa mizani, si kwa kijiko, kwa sababu kijiko cha nta iliyovunjika kina hewa nyingi. Sufuria ndogo ikawekwa ndani ya kubwa yenye maji, ili moto usiiguse moja kwa moja. Tahadhari hii si ya ladha. Nta na shahamu zikizidi joto hutoa mvuke unaowaka, na jiko la gesi liko pale pale chini.

Nta iliingia kwanza kwa kuwa ndiyo ngumu. Ilipolainika yote, shahamu ikafuata, kipande kwa kipande, kila kimoja kikisubiri kilichotangulia kitoweke. Jojoba ikamiminwa mwisho kwa uzi mwembamba, mkono mmoja ukimimina na mwingine ukikoroga kwa kijiti bapa cha mbao. Hapo nilitegemea azime jiko. Hakulizima. Aliendelea kukoroga kwa mwendo ule ule, taratibu, bila kuingiza hewa, kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshapiga simu mbili. Vitu vitatu vinaweza kuonekana vimechanganyika huku bado vinasitasita, na vikipoa hutengana: mafuta hutoka jasho juu, nta hubaki na mistari. Anachotafuta ni ule wakati kioevu kinapoacha kuonyesha mawingu yanayozunguka na kuwa na rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo.

Akachovya ncha ya kisu, akaacha tone lidondoke juu ya sahani baridi. Lilipoganda alilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Grisi nzuri, kwake, hulegea baada ya kusuguliwa kidogo tu, hujitandaza bila mapengo, na huacha ngozi ikiwa na unyevu lakini bila kuchuruzika. Tone la pili alilipeleka kwenye friji, la tatu akalitoa nje likae juani juu ya bati. La friji alilikunja: lilikunjika bila kukatika. La juani lilipoteza kingo zake, likabaki mahali pake. Ndipo akazima jiko.

Vichwa vilikuwa tayari. Huvisubu mwenyewe kwenye kalibu ya chuma, madini ya risasi sehemu 20 kwa bati sehemu moja. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Bati huifanya ijaze pembe za kalibu na kuifanya ngumu kidogo tu. Kila kichwa hupimwa, kina gramu 34 na nusu hivi, na kinachopungua au kuzidi kwa sehemu ya kumi ya gramu hurudi chunguni. Sitakaa sana hapa. Kazi ya kusubu inastahili makala yake.

Ila niseme vilivyopangwa, maana hapo ndipo mikono yake ilinishangaza zaidi. Alichukua trei bapa yenye kingo za chini, akasimamisha vichwa juu ya vitako vyao, safu baada ya safu, upana wa kidole kati ya kimoja na kingine. Vidole vya fundi wa kuchomelea ni vinene na vina makovu, lakini havikuangusha hata kimoja, na kuangusha kimoja ni kuangusha safu. Trei nzima ikaingia kwenye oveni ya moto hafifu. Kichwa baridi huigandisha grisi ghafla pale inapokigusa. Hujikunja, hujitoa kwenye mifuo, na mtu haoni kosa mpaka siku ya kupiga. Vilipokuwa vuguvugu, si moto, alivitoa.

Kumimina alimimina ukingoni mwa trei, hakuwahi kumimina juu ya vichwa. Grisi ilitambaa kati ya safu, ikapanda taratibu, ikafunika mfuo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uso wa kioevu ulipogusa ukingo wa juu wa mfuo wa mwisho, akaacha. Hakukuwa na alama ya kupimia. Trei ilikuwa imewekwa sawa kwa pima maji ya fundi mwashi, na vijiti vya kiberiti viwili chini ya kona moja, kwa sababu meza ya jikoni huinama upande huo.

Kisha akakaa. Hakuna alichofanya, na kwa maoni yangu hapa ndipo ustadi wake ulipo. Grisi ikipoa hubadilika rangi kuanzia ukingoni kwenda katikati, kutoka asali hadi maziwa. Ikikatwa mapema hupakaa kila mahali. Ikiachwa ipoe kabisa hukatika vipande na kung'oka kutoka kwenye mifuo. Kuna dakika chache za katikati ambapo inakubali kisu na bado imeshika. Mzee alikuwa akibonyeza kona ya trei kwa ukucha mara kwa mara, huku akisoma gazeti, na sikuweza kuona tofauti kati ya kubonyeza kwake kwa mwisho na kule kulikotangulia. Yeye aliiona, akalikunja gazeti.

Kifaa cha kukatia ni ganda la zamani la shaba lililokatwa kitako na msumeno, mdomo wake ukapanuliwa kidogo ili uweze kupita juu ya kichwa. Alilishusha juu ya kichwa cha kwanza mpaka likagonga trei, akalizungusha robo, akalinyanyua. Kichwa kikaja nacho, mifuo imejaa grisi, kingo zimekatwa safi. Alipolishusha juu ya cha pili, cha kwanza kikasukumwa juu. Cha tatu kikasukuma viwili. Hatimaye vikaanza kutokea upande wa pili wa kifaa, kimoja kimoja, akavipokea kwa mkono wa kushoto bila kuvitazama. Kila kitako kikafutwa kwa kitambaa. Grisi iliyobaki kitakoni ni grisi itakayogusa baruti. Bamba lililobaki kwenye trei, limejaa matundu, likarudi sufuriani kungoja safari nyingine.

Kutoka kwenye sufuria hiyo hiyo alimwaga tabaka jembamba, unene wa milimita tatu, kwenye kifuniko cha kopo. Lilipoganda akakata vidonge bapa kwa mdomo wa ganda. Hivyo ni akiba. Kichwa kikishindwa kubeba grisi ya kutosha, kidonge kimoja hukaa nyuma yake, kati ya vipande viwili vya kadibodi, cha chini kikiilinda baruti.

Wazo la kuweka nta nyuma ya risasi ni la zamani, na limefika kwetu. Martini-Henry ya Waingereza, ya 1871, ilikuwa na kipande cha nta ndani ya risasi yake. Mauser ya 1871 ya Wajerumani vilevile: baruti gramu tano, kichwa gramu 25, na katikati kizibo cha nta baina ya vipande vya kadibodi. Bunduki hiyo ndiyo waliyokuwa nayo askari wengi wa Ujerumani wa Afrika Mashariki vita vilipofika Tanga, Novemba 1914, ingawa Ulaya ilikuwa imeshaacha baruti nyeusi tangu Ufaransa ilipotoa bunduki ya Lebel mwaka 1886 kwa baruti isiyo na moshi. Wingu jeupe lilionyesha askari hao walipolala. Hata hivyo walishinda.

Kujaza maganda ni kazi ya jioni. Fataki kwanza. Baruti hupimwa kwa mizani, kisha humiminwa polepole kupitia bomba la shaba lenye urefu wa zaidi ya sentimita 60, ili punje zijipange zenyewe zikianguka na zisiache nafasi. Baruti nyeusi haitakiwi kuwa na hewa juu yake ndani ya ganda. Huo ni usalama, si mapendeleo. Kadibodi hushuka, hukandamizwa, na kichwa husukumwa kwa kidole gumba mpaka mfuo wa juu kabisa wa grisi unazama ndani ya mdomo wa ganda.

Uwanjani ndipo grisi huhukumiwa, na hakimu ni mdomo wa mtutu. Baada ya risasi ya kwanza, moshi ulipoondoka, mzee hakutazama shabaha. Aliigeuza bunduki akatazama mdomo wake. Palikuwa na nyota: duara jeusi lenye unyevu, lenye mwale kwa kila msokoto wa mtutu, limechorwa na grisi iliyotoka pamoja na risasi. Nyota hiyo ikiwepo, grisi imesafiri mtutu mzima, sentimita zaidi ya 75, na bado ikabaki. Isipokuwepo, imeisha njiani, na sentimita za mwisho zimepitwa kavu. Kati ya risasi na risasi aliingiza bomba fupi nyuma ya mtutu akapuliza pumzi ndefu kadhaa, unyevu wa mapafu yake uende kulegeza ukoko. Wenzake wote kwenye mstari hufanya hivyo, na mgeni akiwaona mara ya kwanza hudhani wanapiga tarumbeta zisizolia.

Asubuhi nyota ilikuwa kamili. Kufikia saa sita mchana, jua likiwa kali na upepo wa nyanda za juu ukikausha midomo, miale ilianza kukatika. Kwanza miwili ya juu, kisha duara lenyewe likawa la kijivu. Vichwa vilianza kupotea kulia kwa kondoo dume wa mita 500. Mzee aliandika kwenye daftari: saa, joto, unyevu wa hewa, umbo la nyota. Hakubadilisha shabaha yake.

Tatizo lenyewe ni gumu kuliko linavyoonekana. Joto hudai nta zaidi, ili grisi isiyeyuke ndani ya ganda na kuingia kwenye baruti. Ukavu hudai mafuta zaidi, ili ukoko usikakamae. Mahali penye joto na ukavu pamoja, kila upande unavuta, na anayetii mmoja huadhibiwa na mwingine. Wengi hapa huongeza jojoba tu, grisi ikalegea, kisha wakashangaa kwa nini moto haushiki sawasawa. Mzee aliiacha nta ilipo. Alichopunguza ni shahamu, sehemu moja, na mahali pake akaweka lanolini, ile grisi ya njano inayotolewa kwenye sufu ya kondoo. Lanolini ni nzito kama shahamu, lakini ina tabia ambayo shahamu haina: huyashika maji na kukaa nayo. Pumzi anayoipuliza mtutuni ikapata pa kukaa.

Aliyeyusha grisi mpya kwa moto ule ule mdogo, kwa kukoroga kule kule, akafanya majaribio yote matatu ya tone, akavipanga vichwa tena. Siku ya uwanja iliyofuata, saa sita mchana, jua lile lile, nyota ilikuwa na miale yote baada ya risasi ya kumi. Kondoo dume wa mwisho alipoanguka, mlio wa chuma ulirudi karibu sekunde tatu baada ya kubonyeza, na mzee alikuwa ameshainama juu ya daftari.

Jioni ile ile aliosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa kikatoka cheupe, akaukausha na kuupaka mafuta. Grisi hulegeza ukoko, haiuondoi, na mtutu wa baruti nyeusi ukilala bila kuoshwa huanza kushika kutu upesi.

Kanuni yake ya sasa ni nta tano, shahamu mbili, jojoba mbili, lanolini moja, zote kwa uzito. Ni ya kaskazini mwa New Mexico, mwezi wa Julai. Anayetaka kuitumia mahali penye unyevu aiache lanolini, aanze na nta sita, na aitazame nyota kabla ya kutazama shabaha.